Tundu la sikio la panya lina somo kwa mfugaji

Mfugaji anayetoboa sikio la mbuzi wake anajua kuwa alama ile itabaki mpaka mnyama auzwe au achinjwe. Ndiyo maana kwa wafugaji wengi sikio ni daftari. Maabara za utafiti nazo hutumia njia hiyo hiyo: panya wadogo wa majaribio hutobolewa masikio ili wasichanganywe.

Katika miaka ya 1990, kwenye Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani, daftari hilo lilianza kujifuta. Mtafiti Ellen Heber-Katz alikuwa akichunguza magonjwa ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Alitumia panya wa ukoo uitwao MRL. Wiki chache baada ya kutobolewa, masikio yao hayakuwa na tundu. Ilidhaniwa kuwa kazi haikufanyika. Wakatobolewa upya, na matundu yakaziba tena.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Tundu la milimita 2 liliziba katika muda wa mwezi mmoja hivi, kwa ngozi mpya na gegedu jipya. Panya wa kawaida hupona ukingo tu, na tundu hubaki.

Hapo ndipo somo la mfugaji linapoanza, kwani ukoo wa MRL haukuzalishwa kwa ajili ya kupona vidonda. Takriban robo tatu ya damu yake inatokana na ukoo wa LG, uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya ukubwa wa mwili. Baadaye ilibainika kuwa LG nao huziba matundu. Waliochagua ukubwa walibeba na uponaji bila kujua. MRL walikuja pia na mzigo mwingine, yaani hayo magonjwa ya kinga. Mwenye kuchagua dume kwa sifa moja hununua gunia zima, na sehemu kubwa ya kilichomo haioni.

Wanasayansi walipowachanganya MRL na panya wa kawaida, waliona kuwa uponaji huo hautokani na jeni moja. Sehemu kadhaa za kromosomu huchangia, kama ilivyo kwa maziwa ya ng'ombe au mayai ya kuku. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa seli za masikio ya MRL zina upungufu wa p21, jeni inayofanya kazi kama breki ya kugawanyika kwa seli. Panya wa kawaida walioondolewa jeni hiyo nao waliziba matundu. Lakini breki haikuwekwa bure: kugawanyika kwa seli bila kizuizi ndio mwanzo wa saratani. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeletewa dawa ya "kuotesha nyama upya" kwa jina la panya hawa aulize maswali mengi kabla ya kutoa fedha.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwaka 2012, Ashley Seifert na wenzake walichapisha utafiti juu ya panya pori wa Kenya wenye nywele ngumu kama miiba. Ngozi yao ni dhaifu mno na huchunika wanapokamatwa, hivyo mnyama hutoroka. Baadaye ngozi huota upya pamoja na nywele zake. Matundu ya milimita 4 masikioni mwao yaliziba. Kwa karne nyingi mnyama huyo alipita vichakani bila mtu kumpa thamani yoyote.

Hata sungura wa bandani wamo. Sikio la sungura lililotobolewa huziba, la panya wa kawaida halizibi. Mwaka 2025 watafiti wa China walieleza kuwa tofauti iko kwenye jeni ya Aldh1a2, inayohusika na kutengeneza asidi itokanayo na vitamini A. Kwa sungura jeni hiyo huamka vya kutosha baada ya jeraha. Kwa panya haiamki vya kutosha. Panya walipopewa asidi hiyo, masikio yaliota upya. Bila sungura wa kulinganisha naye, siri ya panya isingefichuka.

Haya yote yanahusu mfuko wa mfugaji moja kwa moja. Mnadani mnyama hulipiwa uzito na umbo. Sifa iliyojificha hailipiwi hata shilingi, kwa hiyo mwenye nayo hana sababu ya kuitunza. Kondoo wekundu wa Kimasai ni ushahidi. Tangu miaka ya 1970, wafugaji wengi nchini Kenya waliwapandisha kwa madume ya Dorper kutoka Afrika Kusini, wenye mwili mkubwa na wanaokua haraka. Kondoo wa asili wasiochanganywa wakawa wachache. Tafiti zikaonyesha kuwa hao wekundu ndio wanaohimili zaidi minyoo ya tumboni, ambayo humgharimu mfugaji dawa na vifo kila msimu wa mvua.

Wapo watakaosema mwenye ada za shule za kulipa hawezi kufuga makumbusho. Hoja hiyo ni ya kweli, na hakuna haja ya kumkataza mtu kuchanganya mifugo. Lakini faida ya kuhifadhi mbegu ya asili ni ya taifa zima, kwa hiyo si haki gharama ibebwe na mfugaji peke yake. Serikali na taasisi za utafiti ziwalipe wafugaji wanaobaki na makundi safi, na vikundi vya ushirika vigawane madume ya asili ili damu isipotee.

Mfugaji naye ana sehemu yake, nayo haihitaji mkopo. Aandike mama na baba wa kila ndama, dawa alizotumia, aliyeugua na aliyesalimika. Mnyama anayepona wakati wenzake wanakufa asikimbizwe mnadani kwa kuwa ni mdogo wa umbo. Philadelphia wangeweza kuyatoboa masikio tena na kuendelea na kazi. Waliacha wakauliza kwa nini.