Baba Naye Aijue Kadi ya Mtoto

Baba anayeteremka kutoka Rangwi hadi Mombo na mtoto mdogo bila mama yake bado huchekwa ndani ya gari. Sisi tunaona anastahili pongezi. Huenda mama ni mgonjwa, amejifungua, au amefariki. Lakini upendo peke yake hautoshi.

Kwanza, kadi ya kliniki isiachwe nyumbani. Humo mna uzito na chanjo za mtoto, kama ile ya surua inayotolewa akiwa na miezi 9 na tena 18. Baba asiyejua tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe atamjibu nini mganga?

Pili, huku kwetu milimani ni baridi na malaria si nyingi. Mombo ni joto na mbu wapo, na mtoto wa milimani hajajenga kinga. Alale ndani ya chandarua. Akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo.

Tatu, kona za barabara huwatapisha watoto. Baba abebe maji yaliyochemshwa, ampe kidogo kidogo. Mtoto akiharisha, pakiti moja ya ORS ichanganywe na lita moja ya maji hayo, kisha apelekwe zahanati.

Mtakatifu Yosefu hakuona haya kumchukua Mtoto usiku kwenda Misri. Akina mama, wafundisheni waume zenu kazi hizi leo, kabla ya siku ya dharura. Nanyi abiria, badala ya kucheka, mpisheni baba huyo akae.