Picha ya Mteja Ina Mwenyewe

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza klabu ya Casa Vera, Nairobi, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Roma School ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi.

Msusi wa Lugulu, Bungoma, anayetangaza mitindo yake Facebook, anabanwa na sheria hiyo hiyo ya ulinzi wa data ya 2019.

Biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haidaiwi usajili kwa Kamishna. Idhini ya mteja bado inadaiwa, na ni haki. Lakini faini kama hizo zingeifunga saluni ya msusi huyo. Maafisa wafike masokoni kuelimisha, kwa Kibukusu ikibidi, kabla ya kuadhibu.