Nani Aliuliza Habari za Mitaro ya Jeddah?

Mahujaji wakirudi, au ndege ya wafanyakazi ikitua, barazani hurejea hoja ile ile. Mtu ameziona barabara za Riyadh, amelala usiku mzima umeme haujakatika, kisha anautazama mtaro wa mtaani kwake na kusema: "Wenzetu hawana bunge na mambo yao yanakwenda. Sisi tunawalipa wabunge watupigie kelele." Nimeisikia hoja hii Mombasa na Unguja, kwa watu ninaowaheshimu, na uchungu uliomo ndani yake naujua. Lakini ukiifumua kipande kimoja kimoja, haishikiki.

Hilo la kwamba Saudia hakuna bunge si kweli kamili. Lipo Baraza la Shura, Riyadh. Mfalme Abdulaziz aliunda baraza la namna hiyo Makka katika miaka ya 1920. Sheria ya hili la sasa aliitoa Mfalme Fahd mwaka 1992, na wajumbe 60 wa kwanza wakaanza vikao mwishoni mwa 1993. Leo ni 150 na spika wao, na tangu 2013 wamo wanawake. Wana kamati, na wizara huwapelekea ripoti za mwaka wazisome na kuzitolea mapendekezo. Lakini wote huteuliwa na mfalme, hawapigii bajeti kura, hawawezi kumwondoa waziri, na maazimio yao huishia mezani kwa mfalme. Kwa hiyo anayeisifu Riyadh kwa kutokuwa na bunge anaisifu kwa jambo ambalo wenyewe hawajivunii. Watawala wake waliona kabisa kwamba lazima awepo wa kuzisoma ripoti za mawaziri. Walichomnyima msomaji huyo ni uwezo wa kufanya lolote baada ya kusoma.

"Basi angalau kazi huenda haraka." Treni za Riyadh ndizo hutolewa mfano siku hizi, na kweli ni kazi kubwa: njia sita, kilomita 176, vituo 85. Mikataba ilitiwa saini 2013. Abiria wa kwanza walipanda Desemba 2024, miaka kadhaa baada ya tarehe iliyoahidiwa mwanzo. Sisemi haya kuwabeza. Mji wa mamilioni ya watu umepata treni, na ningependa Dar es Salaam na Nairobi zipate. Nasema tu kwamba kucheleweshwa huko hakukuletwa na kelele za bunge lolote.

Kipande cha tatu ndicho wenye hoja hukishikilia zaidi, na ndicho kinachonisumbua zaidi. Husema mtu wa Saudia mwenye shida huenda moja kwa moja kwenye majlis ya amiri wa mkoa, hutoa barua yake, na jambo huisha siku ile ile. Desturi hiyo ipo, na ina utu wake. Mjane anaweza kupata haki yake ya nyumba kwa njia hiyo. Lakini mtaro wa mji mzima hauna mjane wa kuupeleka kwa amiri.

Kumbuka tarehe 25 Novemba 2009, siku mahujaji wanaanza kuelekea Mina. Mvua ilinyesha Jeddah kwa saa chache tu. Maji yalishuka mabondeni upande wa mashariki, yakaingia mtaa wa Quwaiza na jirani zake, yakabeba magari kama makopo. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mji huo, bandari tajiri na lango la Makka, sehemu kubwa haikuwa na mabomba ya maji taka wala mifereji ya mvua. Maji taka yalinyonywa na malori kutoka mashimo ya majumbani, yakaenda kumwagwa nje ya mji mahali ambapo wenyeji walipaita Ziwa la Miski. Baada ya mafuriko watu walilala macho wakihofia kingo zake zisipasuke.

Hakuna aliyekuwa hajui. Dereva wa lori alijua, mwenye nyumba aliyemlipa alijua, na aliyeidhinisha viwanja katika njia ya bonde alijua. Lakini hapakuwa na chombo chenye amri ya kumwita meya mbele ya watu, kabla ya mvua, na kumwambia: fedha za mitaro zilitoka, mitaro iko wapi? Mfalme Abdullah aliunda tume, maafisa na wakandarasi wakashtakiwa, baadhi wakafungwa. Hilo lilikuwa jema. Ila lilikuja baada ya mazishi, na Januari 2011 mji ukafurika tena. Machi mwaka huo ikaundwa Nazaha, mamlaka ya kupambana na ufisadi. Nayo pia ikaundwa kwa amri ya mfalme, si kwa kura ya mtu wa Quwaiza.

Wapo watakaonikatiza hapa: Jeddah si ina madiwani? Ilikuwa nao. Mwaka 2005 wanaume walipiga kura kuchagua nusu ya wajumbe wa mabaraza ya manispaa. Desemba 2015 wanawake nao walipiga kura na kugombea, na Jeddah ikawachagua wawili. Lakini meya aliendelea kuteuliwa, baraza likabaki la kushauri, na tangu 2015 uchaguzi mwingine haujafanyika.

Uzito wa hilo ulionekana kuanzia Oktoba 2021, manispaa ilipoanza kubomoa mitaa ya zamani ya kusini na katikati ya Jeddah, zaidi ya mitaa 60. Kutani liliandikwa neno moja la Kiarabu la kuwataka watu wahame, kisha tingatinga likafuata. Ghulail ilikuwemo, na mitaa mingine ambamo Waafrika wameishi vizazi kwa vizazi, wengine wazao wa mahujaji waliokosa nauli ya kurudi. Fidia ilitangazwa kwa raia, wageni hawakuwemo. Waliohamishwa walikuwa wengi kuliko wakazi wa miji yetu mingi, na hapakuwa na kikao ambamo mwakilishi wao angesimama kuuliza kwa nini mtaa huu na si ule.

Limebaki lile la kelele. Sitalitetea kila bunge letu. Nimeona vikao vitupu na wabunge wanaogonga meza kwa lolote. Lakini Novemba 2014, Dodoma, kamati ya hesabu za serikali ya Bunge la Tanzania, ikiongozwa na Zitto Kabwe, iliweka mezani ripoti ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, na kabla ya Januari kwisha Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa wametoka ofisini. Kilichoitwa kelele kilikuwa karatasi za benki zilizosomwa hadharani.

Na kama mtu anataka mfano wa Riyadh yenyewe, upo. Mwaka 2021 kamati ya leba ya Bunge la Kenya ilimhoji Macharia Kamau, Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, ikaambiwa kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, walikuwa wamekufa Saudia ndani ya miaka kama miwili. Vingi vya vifo hivyo vilielezwa kuwa vya moyo kusimama, na Katibu mwenyewe hakuridhika na maelezo hayo kwa watu wenye umri mdogo vile. Msichana aliyefia jikoni Riyadh hakuwa na diwani kule wala mjumbe wa Shura wa kumtaja. Idadi hiyo ilitamkwa Nairobi, kwa sababu mbunge aliuliza na afisa akalazimika kujibu. Vifo havikukoma, na hilo ni deni la kamati hiyo hiyo: iwaite maafisa tena, iulize kila mmoja wa hao 89 alikufaje, na ni wakala gani aliyempandisha ndege.