Namba itakayorudisha saa hadi 1901

2,147,483,647. Zidisha mbili 31 kwa pamoja, toa 1, unaipata. Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, bila hata kikokotoo.

Kumbe ndiyo kikomo cha mifumo ya biti 32, inayohesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Kikomo kitafikiwa Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, kifaa kisichorekebishwa kitajiona kiko Desemba 1901.

Simu mpya zinatumia biti 64, hazina presha. Wasiwasi uko kwenye mitambo ya zamani, ile iliyofungwa ukutani ikasahaulika. Hiyo itabidi isasishwe au ing'olewe kabla ya asubuhi hiyo.