Tusimdhoofishe Mgonjwa wa Moyo kwa Huruma

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua wazee wetu ni lile la moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo. Aghalabu watu wasikiapo kwamba moyo wa fulani "umeshindwa", hudhani kwamba umekaribia kusimama na kwamba mwenyewe yu mbioni kuiaga dunia. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, naamini kwamba maneno tunayoyatumia kuhusu ugonjwa huu huwadhuru wagonjwa.

Neno "umeshindwa" huzaa amri ya "pumzika". Nyanya akirejea kutoka hospitalini, wajukuu humpokonya ndoo, ufagio na hata kikombe chake cha chai. "Keti, nyanya, usijichoshe." Hiyo ni heshima, na hakuna awezaye kuilaumu. Lakini misuli isiyotumiwa hunyauka. Baada ya muda, nyanya hawezi kuinuka kitini asiposhikwa mkono, nasi twasema: "Ni uzee huo."

La hasha! Si uzee pekee. Mnamo 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani waliueleza udhaifu wa aina hii kwa dalili tano: kukonda bila kukusudia, uchovu wa mara kwa mara, mkono kupoteza nguvu za kushika, mwendo wa pole na kupungua kwa shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi amekwisha kudhoofika. Mwenye moja au mbili yu njiani. Kwa mgonjwa wa moyo, mambo kadhaa huchangia hali hiyo: misuli hupata damu haba, hamu ya chakula hupotea, na siku za kulala hospitalini humaliza nguvu kidogo zilizosalia. Tena maji yanayojaa mwilini huweza kutuhadaa, kwani mizani itaonyesha uzito ule ule ilhali misuli imekwisha.

Je, udhaifu huo waweza kurudishwa nyuma? Mnamo 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 349 wa moyo, wenye umri wa miaka 60 na zaidi, waliokuwa wamelazwa. Baadhi yao walipewa mazoezi ya nguvu, usawa wa mwili, kutembea na ustahimilivu, kila mmoja kwa kadiri yake. Baada ya miezi mitatu, hao walipata wastani wa alama 8.3 kati ya 12 katika kipimo cha uwezo wa viungo, na wenzao waliopewa huduma ya kawaida wakapata 6.9. Ni kweli kwamba mazoezi hayo hayakupunguza kwa kiwango cha kutegemewa idadi ya waliorudi hospitalini. Lakini kuweza kujiendea msalani bila kushikwa mkono si jambo dogo kwa mtu mzima.

Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo ya mamilioni. Mgonjwa hutazamwa anavyosimama wima, anavyotembea mita nne na anavyoinuka kitini mara tano. Kiti, saa na sakafu vyatosha. Basi kwa nini hospitali zetu zisimpime hivyo kila mgonjwa wa moyo kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani? Na kwa nini mazoezi yake yasiandikwe kwenye kadi pamoja na dawa?

Walimu na wanafunzi mna nafasi yenu pia. Mwulizeni daktari mzee wenu afanye mazoezi gani, kisha mwandamane naye: leo hadi mlangoni, kesho hadi langoni. Dawa zake asiziache. Chumvi ipunguzwe, ila chakula cha kujenga mwili kama maharagwe, ndengu, mayai na omena kisikosekane, kwa ushauri wa daktari. Akiumwa kifua, akiishiwa pumzi au akihisi kizunguzungu, asimame mara moja. Miguu ikivimba au uzito ukipanda ghafla, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Mgonjwa wa moyo naye atahitaji msaada wetu ili ainuke. Tumpe mkono wa kumwinua, wala si wa kumkalisha siku zote.