Haikuzama Yenyewe

Msomaji asichanganye "zama" mbili. Ile ya enzi, kama tusemavyo "zama za kale", tuliipata kwa Waarabu. "Kuzama" majini ni kwetu, ni Kibantu. Wanyanja wa Malawi wanalo, nao hulitumia hata kwa fikra zilizokwenda chini sana. Waarabu walitupa "gharika", lakini hiyo ni maji kuwafuata watu, si watu kuyafuata maji.

Ugomvi wangu hauko kwenye asili ya neno. Uko kwa wanaolitumia kama blanketi. Kila mara roho za watu zikipotea ziwani au baharini, magazeti na waheshimiwa husema kwa kauli moja: "Meli imezama." Basi! Kitenzi hicho hakidai mtendaji. Jiwe huzama, nanga huzama, na hakuna wa kuulizwa.

Tazama MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Meli ile, iliyojaa kupita kiasi, ilipinduka kwanza. Ikaelea kifudifudi, na ndani mlikuwamo watu hai. Waokoaji walipotoboa bodi yake, hewa ikatoka, na hapo ndipo ikazama. Kati ya kupinduka na kuzama kuna habari nzima, tena chungu, na neno moja limeifunika.

MV Nyerere je? Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha abiria 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Waliokufa peke yao walizidi 220! Siku mbili baadaye fundi wa mitambo alitolewa humo akiwa hai, kwa kuwa palisalia hewa. Chombo kilikuwa kinaelea tumbo juu, lakini wengi tuliambiwa kuwa kimezama.

Kiswahili si maskini kiasi hicho. Chombo hupinduka. Chombo hutota kwa kujaa maji. Chombo huzama. Na chombo kilichopakiwa maradufu ya uwezo wake kimezamishwa, kauli ya kutendwa, ambayo kila mwalimu wa sarufi atakwambia inamtaka mtenda, hata asipotajwa.

Kwa hiyo atakayeniletea habari ya ajali nyingine aniambie kwanza: walipanda wangapi, na nani aliyekuwa akiwahesabu pale gatini?