Jasho Halikondeshi

Jumamosi alfajiri, Dar es Salaam ni ya klabu za jogging. Wanatoka Temeke, Mbagala, Tabata, Kinondoni, fulana za rangi moja, firimbi mbele, gari la muziki nyuma, mchakamchaka unaitikiwa mpaka waliolala wanaamka na hasira zao. Ukiwatazama vizuri utawaona waliojizungushia nailoni tumboni ndani ya fulana ili jasho litoke la kutosha. Saa mbili mbio zimekwisha na msafara unatua kwenye supu. Bakuli la kongoro, chapati mbili, soda ya baridi. Wasio na haraka wanaagiza bia. Hakuna anayeona haya, maana wote wameshachoma.

Nawapenda watu hawa. Wanazikana, wanachangiana harusi, na nina hakika mioyo yao inafanya kazi vizuri kuliko yangu. Ninachokipinga ni imani iliyowatoa kitandani saa kumi na moja: kwamba mafuta ya mwilini huisha kwa jasho, na kwamba mnene ni mtu ambaye hajatoka jasho la kutosha. Imani hiyo ina waumini kila mahali. Daktari anaitamka bila kuinua macho kwenye faili. Shangazi anaitamka mbele ya wageni. Kondakta wa daladala anaitamka kwa sauti ambayo hata wa siti ya nyuma anaisikia: “Mama kibonge, jibane basi, mazoezi hufanyi?”

Jasho ni maji na chumvi. Ukishuka mbioni, ukapanda kwenye mizani na kukuta kilo moja haipo, umepoteza lita moja ya maji, na itarudi ukishakunywa. Nailoni inakuongezea joto tu, na juani inaweza kukuangusha.

Sasa hesabu yenyewe. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita tano hutumia takriban kalori 400. Chapati moja ya mafuta ya mtaani haishuki sana chini ya 250, soda ya nusu lita haipungui 200, na supu bado hatujaigusa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba karibu kalori 7,700. Atakayetaka kuimaliza kwa miguu tu, bila kubadili anachokula, ajiandae kukimbia umbali unaokaribia kilomita mia moja, kisha aanze upya kwa kilo ya pili. Hapo bado nimeikubali hesabu ya waumini, kwamba kalori za mbio zinajumlishwa juu ya zile ambazo mwili ungetumia siku hiyo hata bila mbio. Nazo hazijumlishwi hivyo.

Walioivuruga hesabu hiyo ni Watanzania wenzetu, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mwanamume wa Kihadzabe anayewinda na kurina asali hutembea kilomita kama kumi na moja kwa siku. Mwanamke anayechimba mizizi na kuchuma matunda pori hutembea karibu sita, mara nyingi na mtoto mgongoni. Mtafiti Mmarekani Herman Pontzer na wenzake waliwaendea wakiamini, kama sote tunavyoamini, kwamba watu hawa huchoma nguvu nyingi kuliko mtu anayekaa ofisini Marekani. Waliwapa maji maalumu ambayo njia yake mwilini hufuatiliwa kwa kupima mkojo, kipimo kinachotegemewa kuliko vyote cha kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, Wahadzabe walikuwa wakitumia nguvu kiasi kilekile cha watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini.

Rudia kusoma sentensi hiyo, maana nami niliirudia. Mtu anayepanda mbuyu kufuata asali na mtu anayepanda lifti wanamaliza siku wakiwa na matumizi yanayolingana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti na unailinda. Ukitumia zaidi kwenye misuli, unabana kwingine: kwenye uvimbe wa ndani, kwenye homoni za msongo, kwenye shughuli nyingine nyingi za chinichini. Mhadzabe hana kitambi kwa sababu ya kinachoingia kinywani: mizizi yenye nyuzinyuzi za kukutafunisha mpaka taya zichoke, matunda pori, nyama, ndiyo, na asali tele. Hana dumu la mafuta ya kula jikoni wala duka la soda kwenye kona.

Pontzer huyohuyo na wenzake walichapisha mwaka 2021 vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, na humo wakaonyesha kwamba mwili wa mtu mzima haupunguzi kasi ovyo: kati ya miaka 20 na 60 matumizi yake hubaki karibu palepale. Kwa hiyo na wale wanaolaumu “umri umeenda” wakiwa na miaka thelathini na nane, watafute sababu nyingine.

Lakini tuache maabara. Mtazame mama ntilie wa mtaani kwako. Ameamka saa tisa usiku kukanda unga. Amebeba mkaa, ameinua masufuria, amesimama kwenye joto la jiko tangu alfajiri, na jioni ataosha vyombo kisha apande daladala mbili kwenda nyumbani kupika tena. Ni mnene. Anayemwita mvivu mara nyingi ni kijana mwembamba aliyekaa kwenye benchi lake tangu saa nne akisubiri wali. Katika utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16, asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi, na mijini hali ilikuwa nzito zaidi. Kama unene ni uvivu, basi tuambiwe kwamba wanawake wa nchi hii, wanaolima, wanaochota maji, wanaouza na kulea, ndio wavivu wetu. Aje mtu aliseme hilo sokoni Buguruni saa kumi na mbili asubuhi.

Mimi nimekuwa bonge tangu shule. Bwenini tulikimbia mchakamchaka kila siku kabla ya jua, tukafyeka, tukabeba ndoo, na nikamaliza kidato cha nne na mwili uleule. Mwalimu wa zamu aliamini najificha vichakani wenzangu wakikimbia. Kilo zilianza kutoka ukubwani, niliposhughulika na sufuria. Chai bila sukari, ambayo kwa wiki za mwanzo ilikuwa kama kunywa dawa. Mandazi ya saa nne ofisini yakaondoka. Mafuta yakaanza kupimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, na ugali ukapisha mchicha kwenye sahani. Sikuhitaji kununua viatu vya mbio, wala zile chai za majani za kukausha tumbo zinazouzwa kwa bei ya kilo nzima ya nyama.

Ugumu ulikuwepo, tena mkubwa, ila haukuwa wa misuli. Mama mkwe hapimi mapenzi kwa kilomita. “Shikamoo mama, nimekula, nimeshiba.” “Marahaba. Umeshiba nini, mwanangu? Sahani umeigusa tu. Huyu mume anakutesa?” Ukila, unakonda lini? Usipokula, umemtusi aliyepika. Msibani hivyohivyo, harusini hivyohivyo. Kisha nguo zikilegea, minong'ono inaanza, na wanaonong'ona si wabaya. Waliokuwa watu wazima miaka ya themanini waliona ndugu zao wakiisha kwa UKIMWI. Uganda mtaani waliuita ugonjwa ule Slim, na mwaka 1985 madaktari waliupeleka kwa jina hilohilo kwenye jarida la Lancet. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Kagera, kuna makaburi mengi kwa sababu yake. Mzee wa huko akikuona umepungua akakuuliza kwa upole kama umepima, anakumbuka tu.

Halafu kuna njaa. Nayo hairidhiki na hotuba za nidhamu. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula kwa miezi sita huku wakitakiwa kutembea kilomita kama 35 kila wiki. Walikuwa vijana wa nia thabiti, waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakaota chakula, wakakizungumza usiku na mchana, wakaramba sahani. Aliyeshinda na njaa anajua kwamba akili yenyewe huhamia jikoni.

Nao waliotoka jasho kuliko wote duniani, yamewakuta nini? Marekani kulikuwa na shindano la televisheni, The Biggest Loser, ambamo wanene walikimbizwa kwa saa nyingi kwa siku, wakilia na kutapika mbele ya kamera, na watazamaji wakaamini wameona ushahidi. Watafiti wakiongozwa na Kevin Hall waliwafuatilia washiriki 14 baada ya miaka sita. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58. Kilo 41 zilikuwa zimerudi. Na miili yao bado ilikuwa ikitumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Jasho lote lile, na mwili ukajibu kwa kubana matumizi.

Hata sindano zinazozungumzwa siku hizi, Ozempic na wenzake, hazimkimbizi mtu hata hatua moja. Zinamfanya ashibe mapema. Mtu anakula kidogo, anapungua. Na katika majaribio, walioacha dawa hiyo walirudisha theluthi mbili ya uzito uliotoka ndani ya mwaka mmoja. 

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwanza inafurahisha kuiamini, kwani inampa mwembamba sifa ambayo hakuifanyia kazi. Pili, ina wafadhili. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba Coca-Cola ilikuwa imewapa fedha wanasayansi walioanzisha mtandao uliokuwa ukisisitiza kwamba watu wanahangaika mno na wanachokula na kunywa huku wakisahau mazoezi. Fedha za kuuanzisha tu zilikuwa dola milioni 1.5. Mwaka huo haujaisha, mtandao ulivunjwa. Sihitaji kueleza kwa nini muuza soda angependa umlaumu aliyeketi badala ya chupa iliyo mkononi mwake. Nusu lita ya soda ina takriban gramu 50 za sukari, vijiko vya chai kumi na zaidi. Zitafute fulana za mbio za hisani mjini kwetu, usome nembo mgongoni.

Nasikia pingamizi, na lina ukweli ndani yake. Marekani kuna daftari la watu waliopunguza uzito mkubwa na kudumu hivyo, lililoanzishwa mwaka 1994, na wengi wa waliomo hufanya mazoezi karibu saa nzima kila siku. Sawa. Mazoezi yanaonekana kumsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Lakini karibu wote katika daftari hilo walisema pia kwamba walibadili chakula, na hilo ndilo linaloachwa hadithi inaposimuliwa.

Wala sisemi watu wakae. Mazoezi yanashusha presha, yanausaidia mwili kuitumia sukari, yanaleta usingizi, yanaondoa kiza moyoni. Angetokea mtu wa kuyauza kama kidonge, foleni ingefika Chalinze. Hasara kubwa ya imani ya jasho iko hapa hasa: mama anaanza kukimbia kwa ahadi ya kukonda, miezi mitatu inapita, mizani haijasogea, anaona amedanganywa na anaacha. Presha yake ilikuwa imeshuka. Hakuna aliyempima, maana hakuna aliyemwambia kwamba hilo ndilo alilokuwa akilikimbilia.

Tukikubali kwamba tatizo liko kwenye kinachouzwa na kuliwa, mzigo unahama kutoka kwa mtu mmoja mmoja na kwenda kwa wenye mamlaka. Mexico iliweka kodi maalumu kwenye vinywaji vya sukari mwaka 2014, Afrika Kusini ikafuata mwaka 2018, na walisema wazi kwamba lengo ni afya. Huku kwetu mjadala wa bajeti ukifika kwenye soda, swali linalosikika ni serikali itakusanya kiasi gani.

Na tusingoje bunge. Simama nje ya geti la shule yoyote ya msingi mjini saa ya mapumziko. Mtoto aliyetoka kukimbizwa uwanjani kwa sababu “amenenepa” anapokelewa na juisi ya rangi, barafu ya sukari, chipsi kwenye mfuko na visheti. Mwalimu wa michezo anamwona, anatikisa kichwa na kumwongezea raundi kesho. Geti hilo liko chini ya kamati ya shule, na wazazi ndio waliomo kwenye kamati. Kikao kijacho, kabla ya ajenda ya sare mpya za michezo, waamue nani anauza nini pale nje.